Nairobi hadi Eldoret: Usisahau kuuhesabu mlima wa Timboroa

UKIABIRI ndege kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa Eldoret, ndugu msomaji, umbali wa angani ni kama kilomita 270. Safari huchukua dakika 45 hadi saa moja hivi. Kwa barabara ni kilomita 310 na ushei, lakini basi huchukua saa tano, sita au hata zaidi.

Utauliza: yawaje kilomita 40 tu zile saa zote hizo? Jibu liko Timboroa.

Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kituo cha reli cha Timboroa kiko karibu mita 2,740. Basi hulazimika kupanda mlima huo wote, mara nyingi likijikokota nyuma ya malori yenye shehena za Uganda, kisha literemke kuelekea Burnt Forest na Eldoret. Hata reli, iliyofika Eldoret mwaka wa 1924, ilibidi ijipindepinde kuukwea.

Hapo karibu na Timboroa ndipo unapovuka Ikweta. Usidanganyike na jina hilo ukaacha sweta nyumbani. Watoto waliofundishwa shuleni kwamba Ikweta ni joto watatetemeka kwa baridi huku wakitazama mashamba ya viazi na misitu yenye ukungu.

Uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa miaka ya tisini, nao uko juu, zaidi ya mita 2,100. Huko hewa ni nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia masafa marefu kabla ya kupaa. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita tatu na nusu.

Lakini kabla hujakata tikiti, piga hesabu kamili. Ongeza muda wa kutoka nyumbani hadi uwanjani katika msongamano wa magari, saa moja au zaidi ya kufika mapema, na kilomita 16 za teksi hadi mjini Eldoret. Saa moja ya angani yaweza kuwa saa nne.

Kwa hivyo, ikiwa umeitwa ghafla kwa sababu mzazi amelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, saa mbili utakazookoa zina thamani kuliko nauli. Panda ndege. Lakini mwanao akienda Chuo Kikuu cha Moi, bewa la Kesses, basi litamshusha Cheptiret, njia panda ya chuo, kabla hata ya kufika mjini. Ndege itampitisha juu ya chuo chake, kisha alipe teksi ya kumrudisha nyuma.

Bei ya tikiti utaambiwa dirishani. Bei ya saa zako, ndugu msomaji, ni wewe uijuaye.