Jina Lenye Harufu Nzuri



Kiswahili sanifu hutufundisha kuutaja mmea mmoja kwa majina matatu: mpunga ukiwa shambani, mchele ukishakobolewa, wali ukishapikwa. Kila jina latuambia chakula kimefikia hatua gani. Neno basmati, tunalolisoma juu ya magunia sokoni, lilitungwa kwa njia nyingine: lataja sifa. Ni neno la Kihindi lenye mizizi ya Kisanskriti: vasa ni harufu, na mati huonyesha kuwa nayo. Basmati, basi, ni "wenye kunukia".

Je, jina hilo lasema kweli? Naam. Mchele huo hulimwa tangu kale chini ya milima ya Himalaya, katika India na Pakistan. Punje zake ni ndefu na nyembamba. Zikipikwa hurefuka karibu mara mbili, wala hazishikamani. Harufu yake hutoka ndani ya punje yenyewe, si manukato yaliyonyunyizwa. Mshairi Waris Shah wa Punjab aliutaja katika utenzi wake Heer Ranjha, mwaka 1766.

Methali husema chema chajiuza. Lakini chema huigwa pia. Mwaka 1997 kampuni ya RiceTec ya Texas, Marekani, ilipewa hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, juu ya mbegu na punje za mchele iliouita basmati. Huko India watu walilalamika, kwa kuwa mchele huo ulikuwa kazi ya wakulima wa vizazi vingi. Serikali yao ikapinga kwa ushahidi. Kampuni ikayaondoa madai yake mengi. Na mwaka 2001 hataza ikabaki kwa aina chache tu ilizozizalisha yenyewe, na neno basmati likafutwa katika kichwa chake.

Mkulima aliyeteua mbegu bora, msimu baada ya msimu, hakuandika jina lake popote. Kazi yake imehifadhiwa katika neno moja. Kwa hiyo, tukitia mchele wa kawaida katika gunia lenye jina hilo, twamdanganya mnunuzi, na pia twamnyang'anya mkulima tusiyemwona sifa aliyoitolea jasho.

Kwa mazungumzo ya kikundi: ni zao gani la kwetu lenye jina jema sokoni? Ni nani waliolipatia jina hilo, nasi twalilindaje?