Begi Linaloning'inia Mlangoni



Mama, hapa Kobe, Japani, mlangoni kwangu kuna begi lisilosafiri. Nilipohamia mtaa huu, mzee jirani aliniuliza kama ninalo hata kabla ya kuniuliza jina. Yeye alikuwepo Januari 17, 1995, saa 11:46 alfajiri, mji ulipotetemeka na watu zaidi ya 6,400 wakafa.

Ndani ya begi hilo la dharura nimeweka tochi, redio ya betri, dawa, nakala za vyeti na filimbi. Hiyo filimbi ndiyo iliyonigusa. Aliyefukiwa na kifusi sauti humkauka upesi, lakini pumzi ndogo tu hutosha kupuliza. Maji ni lita 3 kwa mtu kwa siku, ya siku 3. Chakula hakikai mpaka kioze: cha zamani huliwa, kipya kikawekwa.

Mzee aliponieleza hilo nilimkumbuka bibi na kilindo chake cha uwele, na mlenda mkavu uliokaa kando yake. Alilelewa na watu walionusurika Mtunya, ile njaa iliyoikumba Ugogo, kwetu Dodoma, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wetu katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo njaa tunaijua, na akiba tunaijua.

Ninachokihofia, mama, ni balaa linalokuja kwa dakika moja. Novemba 2002 ardhi ilitikisika hapo Dodoma, maana tumekaa kwenye Bonde la Ufa, na tembe la paa la udongo ni zito mno likimwangukia aliyelala. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliporomokea Katesh. Siku kama hiyo hakuna anayepata muda wa kutafuta cheti kabatini.

Chukua lile begi la shule alilomaliza nalo mdogo wangu, ulitundike kwenye msumari wa mlangoni. Tia dawa zako za presha za wiki moja, kitambulisho cha taifa, tochi, filimbi na fedha kidogo taslimu. Dumu la maji liwe chini yake. Waambie watoto kwamba nyumba ikitikisika, wote mkutane uwanjani, mbali na ukuta. Namba ya Zimamoto ni 114. Iandike ukutani kwa mkaa, simu huishiwa chaji.

Jumapili nitapiga. Kabla ya salamu za majirani, nitakuuliza begi liko wapi.