Mgao wa chomboni

Wadau, niko likizo nyumbani Kilindoni, Mafia. Jana kijiweni mzee mmoja mvuvi akanibana: "Mwanangu, wewe mwandishi, mbona ubingwa kila siku ni Simba na Yanga?"

Kweli kabisa. Toka 2001 mpaka msimu wa 2024/25 aliyepenya ni Azam peke yake, 2013/14.

Nikamsimulia NFL, ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi. Toka 1994 jumla ya mishahara ya timu ina kikomo, kimoja kwa wote. 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Fedha za televisheni za taifa nazo wanagawana sawa.

"Kumbe kama chomboni," akasema. "Nahodha akibeba samaki wote, kesho atavua na nani?"

Mimi mwana Simba nikanywa kahawa yangu kimya.