Matembezi ya Ziwa Mutanda

Mwezi huu nimeombwa niandike kuhusu mahali, siyo kuhusu mitihani wala utoro wa watoto. Basi nimechagua Ziwa Mutanda, kule Kisoro. Nilifika huko wakati wa likizo pamoja na Mama na wadogo zangu wawili, na tangu turudi majirani wananiuliza: mwalimu, mlienda kufanya nini kule? Nikijibu kwamba tulienda kutembea, wanacheka.

Kisoro ni wilaya ya mwisho kabisa kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye kona ile Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Wengi wetu hapa Rwamwanja tuliipita mwaka 2012. Tuliingilia Bunagana, tukalala Nyakabande, tukapandishwa mabasi, basi. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Ukiniuliza nakumbuka nini cha Kisoro, nakumbuka tope na foleni ya uji. Kumbe si mbali na pale kuna ziwa zuri la milimani, na sisi hatukujua. Nani angetuambia? Na hata tungeambiwa, nani angekuwa na hamu ya kutazama ziwa?

Safari yenyewe ilikuwa na sababu. Mdogo wake Mama aliolewa Bufumbira zamani, kabla ya vita. Alikuwa ameugua, Mama akataka kumwona. Tukaomba karatasi ya ruhusa, tukapanda gari mpaka Mbarara, tukaunganisha Kabale, halafu ndiyo milima ikaanza. Kutoka Kabale barabara inapinda na kupinda, inapanda mpaka masikio yanaziba. Mdogo wangu wa kike alitapika mara mbili. Nawashauri wenye watoto wadogo wasiwape chai ya maziwa asubuhi ya safari hiyo. Mnapofika Kanaba, mahali barabara inapoanza kushuka upande wa Kisoro, mawingu yakikubali mnaziona volkano zimesimama mbele yenu. Kwetu mawingu hayakukubali. Tuliona ukungu tu, na baridi, ndugu zangu, ile baridi si ya mchezo.

Tulimkuta mama mdogo ameshapata nafuu. Siku ya pili akatuambia: "Hawa watoto msiwafungie ndani, wapelekeni waone ziwa." Mama akakataa palepale.

"Mimi miguu yangu ilishatembea ya kutosha."

Na ni kweli. Mama hatembei ila kwa kazi: bombani, shambani, sokoni, kwenye foleni ya chakula, kliniki. Alisema kutembea tu, bila mahali unapokwenda, hiyo ni kazi ya watalii. Mama mdogo hakubishana naye. Alinyamaza kidogo, akaingia jikoni, akatoka na kidumu cha lita tano kimejaa bushera, ule uji wa mtama wanaokunywa sana huko. Akasema: "Basi nipelekee hiki kwa shemeji yangu, anakaa karibu na ziwa." Mama akakipokea, akajifunga kitenge vizuri, akakiweka kichwani. Sasa safari ilikuwa na kazi, tukaenda.

Njia inatoka mjini kuelekea kaskazini, ni ya vumbi, na ni rahisi. Mteremko ni mwingi kuliko mwinuko, kwa sababu ziwa liko chini kidogo ya mji, kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kurudi ndiko kunakotoa jasho. Pande zote mbili ni mashamba: viazi, maharagwe, mtama, mahindi, na katikati ya mashamba marundo ya mawe meusi. Mawe yale ni ya volkano. Wakulima huyaokota ili wapate udongo, wanayarundika, na ule udongo ukishapatikana unazaa sana. Kaka yangu mdogo aliokota jiwe moja akashangaa lilivyo jepesi, lina vitundu kama mkate. Kila tuliyekutana naye tulimsalimia, "Mwaramutse," naye akaitikia. Hili ni muhimu kwa mgeni, maana njia nyingine zinapita katikati ya shamba la mtu. Salamu inafungua njia.

Shemeji tulimkuta, tukampa bushera yake, akatukaribisha tukakaa kidogo. Akasema kidumu atakirudisha akipata mtu wa kumtuma mjini. Hapo ndipo lilipotokea jambo nililoliona mimi peke yangu, nadhani. Tulipotoka pale Mama hakuwa na kitu. Hakuna kichwani, hakuna mgongoni, hakuna mkononi. Alitembea hatua kadhaa, mikono akaifunga kifuani, akaishusha, akashika ncha ya kitenge. Halafu akaniomba nimpe ule mfuko wa viazi vitamu niliobeba. Nilimnyima. Nikamwambia, "Mama, leo nabeba mimi." Akaniangalia vibaya kidogo, lakini akaendelea.

Ziwa linaonekana ghafla. Unazunguka kilima, na lile pale chini, limeingia katikati ya vilima kama vidole vya mkono, na visiwa vidogo vidogo juu yake. Zamani sana lilikuwa bonde la mto. Volkano zilipotoa moto, lava ikatiririka ikapoa, ikaziba bonde, maji yakajaa nyuma yake. Niliwaeleza wadogo zangu hivyo kwa sauti ya darasani, na yule wa kike akaniuliza kama lava inaweza kurudi leo. Nikasema leo hapana.

Ziwa zima hatukulizunguka, nisiwadanganye. Kulizunguka lote si kazi ya siku moja kwa familia yenye mtoto wa miaka tisa na mama mwenye goti bovu. Tulifuata njia ya miguu kando ya maji, ile wanayopita wenyeji wakienda kuteka maji na shambani, mahali pengine chini ya mikaratusi, mahali pengine karibu kabisa na mafunjo. Ni tambarare kiasi. Kwa mwendo wa mtoto, na kusimama kila mara, tulitumia kama saa mbili. Tuliona korongo wenye taji, wale walio kwenye bendera ya Uganda, wawili wakitembea kwenye majani mafupi kama wazee wanaotoka kanisani. Tulikula viazi vyetu kwenye mwamba.

Tulipokuwa tunakula mawingu yakafunguka upande wa kusini, na milima ikatoka yote mitatu. Kushoto Muhabura, mita 4,127, umechongoka vizuri kama mtoto anavyochora mlima. Katikati Gahinga, ndio mdogo, mita 3,474. Kulia Sabinyo, mkongwe wao, kilele kimevunjikavunjika. Jina lake maana yake ni mzee mwenye meno, au meno ya mzee, watu wanasema hivi na hivi. Juu kabisa ya Sabinyo ndipo nchi tatu zinapokutana. Mdogo wangu wa kike, ambaye alizaliwa hapa kambini na hajawahi kuiona Kongo, aliuliza Kongo iko wapi. Nikanyoosha kidole upande wa kulia. Akasema, "Mbona ni sawa na huku?"

Mama alikuwa ameacha kula. "Ule ni wetu," alisema. "Sabinyo. Lakini kwetu meno yake yalitazama upande mwingine." Sisi tulitoka Jomba, ambako mlima huohuo ulikuwa unaonekana kila siku kwa mgongo wake wa pili. Mimi nilikuwa nimeshausahau. Yeye alikuwa anautazama kama mtu anayemwona jirani mahali ambapo hakumtegemea.

Baadaye kidogo akaja mzee mmoja kwenye mtumbwi, ile mitumbwi ya kuchonga gogo, akaegesha karibu nasi. Mama akamsalimia kwa Kinyarwanda, mzee akajibu kwa Rufumbira, wakaelewana bila shida. Akatuuliza tunatoka wapi. Mama akasema kambini, halafu akaongeza, "lakini ni wa Rutshuru." Mzee akacheka, akaonyesha maji kwa kasia lake. Akasema, "Basi haya ni maji yenu." Akaeleza kwamba maji yanashuka kutoka Bunyonyi, yanaingia humu Mutanda, halafu yanatokea kule mwisho wa ziwa na kuvuka mpaka. Na huko Kongo mto huo unaitwa Rutshuru.

Nakiri kwenu kwamba nafundisha mito ya Uganda kila mwaka na hili sikulijua. Nilirudi nikatafuta kwenye ramani, ni kweli kabisa. Mto Rutshuru unatoka Mutanda, unaingia Kongo, unakwenda Ziwa Edward. Kutoka Edward maji yanatoka kwa mto Semliki mpaka Ziwa Albert, na kutoka hapo ni Nile.

Mama alizaliwa karibu na mto Rutshuru, kabla hajaolewa Jomba. Alichota maji pale tangu akiwa mdogo, kaka zake walijifunza kuogelea pale. Alirudia neno moja tu: "Rutshuru?" Akashuka mpaka ukingoni, akainama, akanawa mikono, akanawa uso. Hakusema kitu. Kaka yangu mdogo alikuwa tayari ametengeneza mashua kwa ganda la mgomba, akaiweka majini, akatangaza kwamba inakwenda kwa babu. Mzee akamwambia kwa upole kwamba itakwama kwenye mafunjo kabla ya jioni. Wakabishana, mtoto wa miaka kumi na nne na mzee wa miaka sabini, na sijui nani alishinda, mashua tuliiacha ikizunguka palepale.

Tukiwa tunarudi, Mama akaanza kuongea mwenyewe. Alianza kuhesabu vitu alivyobeba siku ile ya mwaka 2012: sufuria mbili, maharagwe kilo tatu hivi, godoro la sponji, na huyo kaka yangu mgongoni, alikuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa nashika kitenge chake. Akasema kabla ya kufika Bunagana walimkuta mama mmoja amejifungua kando ya njia, amelala chini, mvua inanyesha. Mama akaomba kisu kwa watu, akalikata godoro katikati, akamwachia nusu. "Sijui kama walifika," alisema.

Sisi wote tulilala kwenye lile nusu godoro hapa Rwamwanja karibu miaka mitatu. Nililichukia sana, miguu yangu ilikuwa inatoka nje usiku. Siku zote nilidhani tulilinunua hivyo. Sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema, mpaka siku hiyo kwenye njia ya vumbi, akiwa na mikono mitupu.

Kwa mzazi yeyote atakayepata ruhusa ya kwenda Kisoro kwa ndugu, nasema hivi. Nendeni asubuhi na mapema, maana mchana mawingu huifunika milima. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita au wa saba ni afadhali. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba njia ni utelezi mtupu. Chukueni sweta hata kama jua linawaka. Maji ya kunywa chemsheni nyumbani, msinywe ya ziwani. Watoto wasiachwe peke yao ukingoni, kwani mahali pengine hatua moja tu kutoka ukingoni maji ni marefu. Mitumbwi ipo ya kukodi, lakini patana bei kabla ya kupanda, na kama hakuna jaketi za kuokolea msipande na watoto. Sisi hatukupanda, na kaka yangu bado ananinunia. Chakula bebeni chenu. Kiingilio cha kutembea njiani hakuna, ni njia ya watu wote.

Na msiwaambie wazee kwamba mnakwenda kutembea tu. Tafuteni kitu cha kupeleka.

Tulifika kwa mama mdogo jioni, wote tumechoka, goti la Mama limevimba kidogo, tukalikanda kwa maji ya moto. Nilifikiri atalalamika. Asubuhi yake nilipoamka kulikuwa na ukungu, baridi kali, na Mama alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa anamuuliza mama mdogo kama hakuna kitu kingine cha kupeleka kwa shemeji. Mama mdogo akasema hakuna. Mama akafikiri kidogo, akasema basi, anakwenda kuchukua kidumu.