Darasa la Saa Kumi na Moja Jioni

Nilipoajiriwa mwaka 2005 katika idara ya kompyuta ya benki moja jijini Dar es Salaam, ulinzi wa taarifa haukuwa na mwenyewe. Chumba chetu kilikuwa nyuma, karibu na jenereta, na simu ikilia tulijua ni moja kati ya mambo matatu: printa imegoma, mashine imeganda, au mtu kasahau nywila. Virusi vilikuja na flashi. Mtumishi anapitia steshenari, anabeba kazi ya mwanawe aje kuichapa ofisini, na ikifika jioni kompyuta za tawi zima mafaili hayaonekani. Dawa tuliisafirisha kwa mkono. Programu ya kuua virusi ilipakuliwa makao makuu, ikachomwa kwenye CD, ikaenda matawini na gari la barua, kwa sababu intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua.

Aliyetaka kuisomea kazi hii kwa kina alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni vyeti vya makampuni ya vifaa, ambavyo vilikufundisha kuendesha kifaa cha kampuni hiyo na si zaidi. Ya pili ni kupata ufadhili wa kwenda Uingereza, India au Afrika Kusini kwa shahada ya uzamili, maana yake uache kazi, uache watoto, na urudi ukute nafasi yako ina mtu mwingine. Wenzangu wachache walikwenda. Wengi wetu tulibaki, tukajifunza kwa kuulizana kwenye korido na kwa vitabu vya kudurufu vilivyopita mikono mingi.

Kisha mambo yakaenda mbio. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Ndani ya muda mfupi benki iliyokuwa ikipeleka CD kwa gari ilikuwa na wateja wanaoangalia salio kwa simu wakiwa kitandani. Kila mlango tuliomfungulia mteja ulikuwa pia mlango wa mtu aliyekaa nchi tusiyoijua, tena hakuhitaji viza. Sheria nazo zikaanza kutufuata. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na ya kwanza ikaanza kutumika Septemba mwaka huo. Ilizua mjadala mkali nchini, hasa vifungu vyake kuhusu yanayochapishwa mtandaoni. Ofisini kwetu ilikuwa na matokeo mengine: kwa mara ya kwanza mkurugenzi alituita kikaoni kutuuliza nani anajua mambo haya, na anayajua kiasi gani.

Mwaka huohuo nilijiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya jioni katika chuo kimoja hapahapa mjini. Vipindi vilianza saa kumi na moja jioni na kumalizika saa mbili usiku. Atakayeuliza hilo lilikuwa na maana gani kwa mwajiriwa wa Posta anayeishi Mbagala, aijaribu foleni ya Barabara ya Kilwa saa hizo. Tulifika tumechoka, wengine na sare za kazi, wengine na chapati kwenye mfuko wa karatasi. Mume wangu alishika zamu ya daftari za watoto. Ada nilikatwa kwenye mshahara kidogokidogo kupitia mkopo wa wafanyakazi.

Nilitarajia kufundishwa na mwalimu. Sikutarajia kwamba nusu ya elimu ingetoka kwenye viti vya pembeni yangu. Darasani kulikuwa na kijana wa huduma kwa wateja wa kampuni ya simu, askari wa upelelezi, mhasibu wa halmashauri, dada wa idara ya kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, na mkaguzi wa ndani aliyekaribia kustaafu, ambaye wote tulimwita Mzee. Kila mmoja alikuja na swali lililomkera mchana uleule.

Kati ya maandiko ya kwanza tuliyopewa ni makala ya Jerome Saltzer na Michael Schroeder ya mwaka 1975, inayotaja kanuni nane za kujenga mfumo salama. Moja inasema mtu apewe ruhusa zile tu anazohitaji kwa kazi yake. Nyingine inasema jambo zito lisifunguliwe kwa ufunguo mmoja. Mzee aliinua mkono. "Dokta, hii ya funguo mbili sisi tunayo kwenye chumba cha fedha tangu enzi ya wakoloni. Meneja ana wake, mweka hazina ana wake. Sasa mbona kwenye kompyuta kijana mmoja wa IT anafungua kila kitu peke yake?" Mwalimu aliacha alichopanga kufundisha, na kipindi kizima tukachora mifumo ya ofisi zetu, tukiweka alama kila mahali ambapo mtu mmoja angeweza kuhamisha fedha, kubadili cheo au kufuta jina bila mwenzake kujua. Nilirudi kazini na mchoro wangu. Miezi iliyofuata ruhusa zilipunguzwa, zangu zikiwa za kwanza.

Muhula wa pili ulitukuta na habari za Bangladesh. Usiku wa Alhamisi, 4 Februari 2016, wezi waliokuwa wamejipenyeza kwenye kompyuta za benki kuu ya nchi hiyo walituma maagizo 35 kwa njia ya SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana maagizo ya malipo, kwenda benki kuu ya Marekani tawi la New York, inakotunzwa akaunti ya dola ya Bangladesh. Walitaka zihamishwe karibu dola milioni 951. Mwalimu alichora ubaoni siku za juma. Ijumaa Bangladesh ni mapumziko. Jumamosi na Jumapili New York wamefunga. Jumatatu Manila wako kwenye sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, na Manila ndiko dola milioni 81 zilikopelekwa, zikaingia kwenye akaunti na kuyeyukia kwenye kasino. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilinaswa kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa na kosa la herufi na mtu akalitilia shaka.

Kilichotushika zaidi ni printa. Katika benki kuu ile ya Bangladesh kulikuwa na printa iliyochapa yenyewe taarifa za kila muamala. Asubuhi ya Ijumaa ilikutwa haichapi, na waliokuwa zamu wakaiona ni hitilafu ya kawaida. Wezi ndio walioinyamazisha. Dada mmoja wa benki nyingine alisema, "Kwetu ikigoma tunamsubiri fundi Jumatatu." Mzee akaongeza, "Huyu mwizi hakusoma kompyuta peke yake. Amesoma kalenda, na amesoma mazoea ya watu." Kesho yake asubuhi nilikwenda chumba cha malipo ya nje kuuliza: hii printa ikigoma, nani anaambiwa, na ndani ya dakika ngapi? Jibu halikuwa limeandikwa popote. Kufikia mwisho wa mwezi lilikuwa limeandikwa na kubandikwa ukutani, na lina jina la mtu wa zamu hadi siku za Pasaka na Idi.

Kijana wa kampuni ya simu alituletea funzo lingine. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Yeye alikaa mchana kutwa akisikiliza waliotapeliwa, na alitueleza kwa utulivu jinsi unavyofanya kazi. Ujumbe unamwagwa kwa watu wengi wasiojulikana. Unamkuta mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto, na kweli alikuwa anasubiri namba. Hakuna kirusi hapo, hakuna nywila iliyoibiwa, mfumo umefanya kazi sawasawa na ulivyojengwa. Hata jina la mpokeaji lilipoanza kuonekana kabla mtumaji hajaweka namba ya siri, matapeli waliongeza maneno machache tu: jina litakuja la fulani. Hapo tuliokuwa tumezoea kuhesabu usalama kwa idadi ya mitambo tulilazimika kufikiri upya. Mama aliyetuma fedha zile alikuwa mtu timamu mwenye haraka, na anayejenga huduma ana wajibu wa kuifikiria haraka hiyo kabla mwizi hajaitumia.

Hilo ndilo jambo kubwa lililobadilika ndani yangu katika miaka ile. Maofisini, hapa na duniani kote, lugha ya kazi yetu ilikuwa ya lawama: mtumiaji ni dhaifu, mtumiaji hasikii. Kanuni nyingi zilidai nywila ibadilishwe kila baada ya miezi kadhaa na iwe na mchanganyiko wa alama, namba na herufi kubwa. Matokeo yake yalikuwa chini ya kibodi, kwenye vikaratasi vya njano, au kwenye nywila inayoishia na jina la mwezi. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mpya ulioachana na masharti hayo: watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa kalenda pasipo dalili kwamba imevuja, na urefu upewe uzito kuliko alama za ajabu. Dada wa hospitali aliusoma kwa sauti darasani. Kwake halikuwa suala la nadharia. Wodini, nesi mwenye glavu na mgonjwa anayetoka damu hana muda wa kubuni neno la siri jipya, kwa hiyo zamu nzima inatumia la mtu mmoja, na kumbukumbu za wagonjwa zinabaki bila kuonyesha nani aliandika nini. Tasnifu yake aliijenga juu ya tatizo hilohilo.

Mei mwaka huohuo dunia ilikumbwa na kirusi cha WannaCry. Ijumaa tarehe 12 kompyuta katika nchi zaidi ya 100 zilianza kufungwa na kudai fidia, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba tundu ambalo kirusi kilipitia Microsoft walikuwa wamekitoa Machi, miezi miwili nyuma. Wikiendi ile simu zetu za darasa hazikulala: huyu anauliza seva za zamani azifanyeje, yule anaeleza namna ya kufunga njia ambayo kirusi kinapitia, askari anatukumbusha tuhifadhi ushahidi kabla ya kusafisha mashine. Watu wa taasisi tofauti, nyingine zikishindana sokoni, walisaidiana kama majirani wanaozima moto. Uaminifu ule haukuwekwa na mkataba wowote. Ulijengwa kwa mihula mingi ya kukaa meza moja tukiwa na njaa.

Tangu nilipohitimu nimeendelea na kazi yangu ya benki, na jioni nafundisha kwa mkataba. Nimeyaona mabadiliko mengine kutoka upande wa ubao. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa Machi hadi mwishoni mwa Mei kwa sababu ya korona, tulianza kujaribu vipindi vya mtandaoni, na havijaondoka. Leo nina wanafunzi Mwanza, Mbeya na Kigoma ambao zamani wangelazimika kuomba uhamisho kwanza ndipo wasome. Wanawake ni wengi kuliko enzi zetu. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, wanakuja wanasheria, maofisa rasilimali watu na walimu wakuu, watu ambao mwaka 2005 wasingefikiria kwamba faili la mfanyakazi au picha ya mtoto wa shule ni jambo la kusomewa uzamili.

Ninachokipigania sasa ni kwamba urahisi huu wa mtandao usitupokonye viti vya pembeni. Mwanafunzi anayesikiliza kipindi peke yake, kamera imezimwa, anaweza kufaulu mtihani na asijue jina la mtu wa kumpigia siku mambo yakiharibika. Kwa hiyo kwenye madarasa yangu kila muhula tunakutana ana kwa ana angalau wikiendi moja, na kazi za kundi nazipanga makusudi: benki na hospitali, polisi na kampuni ya simu, halmashauri na mwanasheria. Tasnifu naikubali ikiwa tu swali lake limetoka mahali mwanafunzi anapofanyia kazi, na mwajiri wake ameahidi kulisoma jibu.

Kwa waajiri nina ombi moja, na nalisema nikiwa nimekaa pande zote mbili. Anayesoma jioni anahitaji kutoka saa tisa na nusu badala ya saa kumi na moja, siku mbili tatu kwa wiki. Usimhesabie muda huo kama hisani. Mpe, kisha asubuhi muulize amejifunza nini, na umruhusu abadilishe kitu kimoja ofisini kwa alichojifunza. Benki yangu ilifanya hivyo kwangu. Taasisi nyingi zinanunua mitambo ya gharama kubwa na kuiacha mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka ambaye hajawahi kupelekwa darasani. Mtambo huo hautauliza kwa nini printa haichapi siku ya Ijumaa. Mtu aliyesomeshwa atauliza, na atakuwa na wenzake wa kuwauliza.