Gari la Marehemu na Haki ya Mayatima

Mtu akishazikwa na matanga yakesha, mali yake huanza kutazamwa. Dhahabu hupelekwa kwa sonara ikapimwa, nyumba hukadiriwa na wajuzi, na fedha za benki zina karatasi zake. Gari kuukuu, ndugu zangu, halina mizani. Thamani yake aghalabu ni kauli ya fundi mmoja, naye akisema kuwa injini imekufa, warithi huinamisha vichwa na kupokea bei yoyote watakayopewa. Jambo hili lilinifika nyumbani kwangu, hapa Mji wa Kale, na ningependa dada zangu walijue kabla halijawafika.

Mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mke mmoja, mwana wa kiume na mabinti wawili, wote wadogo. Wazazi wake walikuwa wametangulia mbele ya haki. Miongoni mwa alivyoviacha ni Toyota Corolla ya mwaka 1997. Muda wote wa eda yangu, miezi minne na siku kumi, gari lilikaa barabarani mbali na nyumba, kwani vichochoro vya mtaani kwetu havipitishi gari. Lilipowashwa baadaye lilitetemeka mwili mzima, na chini yake palionekana doa la oili. Fundi aliyeitwa alilisikiliza dakika chache, akasema kuwa injini imekwisha, na kwamba yuko mtu tayari kulinunua lilivyo kwa shilingi 80,000.

Shemegi yangu, ambaye ndiye aliyesimamia mirathi, aliona ni kheri tukubali kuliko gari kuozea juani. Nilimuuliza swali moja tu: "Shemegi, fundi alisema ni silinda ipi iliyo mbovu?" Alinyamaza, kisha akasema, "Hakusema. Nami sikuuliza."

Natufanye hesabu kidogo. Sheria yetu ya mirathi, baada ya kulipwa deni na kutekelezwa wasia, humpa mjane thumni pale marehemu alipoacha watoto, na mtoto wa kiume hupata sehemu ya mabinti wawili. Katika shilingi 80,000, yangu ingekuwa 10,000, ya mwanangu 35,000, na ya kila binti 17,500. Mimi ningeweza kusamehe haki yangu nikitaka. Haki ya yatima asiyefikia umri wa kusema "nimeridhia" haisamehewi na mtu mwingine. Kwa hiyo kujua ugonjwa wa gari lile kulikuwa ni kuchunga amana.

Shemegi alikubali tutafute rai ya pili. Nilimwita mjomba wangu, fundi mzee aliyekwisha kustaafu. Alifungua boneti, akanitaka nisimame karibu naye nitazame.

"Mwanangu," alisema, "injini hii ina silinda nne. Ni kama mahamali wanne waliobeba kasha moja. Mmoja akilegea, kasha huyumba, lakini huwezi kusema kuwa wote wanne wamekufa. Kwanza tumjue aliyelegea." Kila silinda, alinieleza, yahitaji mambo matatu: hewa iliyochanganyika na petroli, mgandamizo wa pistoni, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Moja likikosekana, silinda hiyo haichomi, na ndipo mafundi wetu husema kuwa gari "lamisi".

Injini ikinguruma, alichukua koleo yenye mpini wa mpira, akachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, akirudisha kila mmoja mahali pake. Alipochomoa wa kwanza, injini ililegea zaidi. Wa pili vivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu, mngurumo haukubadilika hata kidogo. Silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. (Jambo hili asilijaribu mtu kwa mikono mitupu, umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti.)

Alizima injini akauvuta tena waya ule wa tatu, na kofia yake ya mpira ikatoka imelowa oili. Katika injini ya namna ile, plagi hukaa ndani ya visima virefu vinavyopita katika kifuniko cha juu, ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Kifuniko hicho huzibwa kwa gasketi, na kila kisima huzungukwa na sili ya mpira. Joto la miaka mingi huufanya mpira uwe mgumu ukapasuka. Oili ikaingia kisimani, ikaharibu mpira wa waya, na umeme ukapotea njiani badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Oili nyingine ilichuruzika nyuma ya injini hadi chini. Kutetemeka na kuvuja, tulivyovidhani kuwa maradhi mawili, vyote vilitokana na mpira uliokauka.

Hata hivyo mjomba hakutangaza uzima kwa haraka. Kifo cha injini, alisema, kina mashahidi wake. Alipima kompresheni ya silinda zote nne, na vipimo vikakaribiana. Alifungua kifuniko cha oili kutazama kama pana povu jeupe kama maziwa, ambalo ni ishara ya maji kuingia katika oili, halikuwapo. Aliangalia moshi: wa buluu huonyesha oili inaungua ndani, mweupe mzito usiokoma huonyesha maji yanaingia, na mweusi huonyesha petroli imezidi. Hakuna hata mmoja ulioonekana.

Tulinunua gasketi, sili nne, plagi nne na waya zake. Pamoja na ujira, gharama ilikuwa shilingi 8,000. Kisha injini ikaoshwa, gari likapandishwa Daraja la Nyali na kurudi, na usiku tukatandika kartoni chini yake. Oili huteremka, kwa hiyo palipolowa chini sipo inapotokea. Hutazamwa mahali pa juu kabisa penye unyevu. Rangi nayo husema: maji meupe ni ya kiyoyozi, wala si aibu katika joto letu, mekundu aghalabu ni ya gia, ya kijani au waridi ni ya rejeta, ya hudhurungi au meusi ni oili ya injini. Asubuhi tulikuta tone moja jeusi, chini ya mahali injini inapokutana na giaboksi. Sili ya nyuma ilikuwa imeanza kuchoka. Kuibadilisha kungetaka giaboksi ishushwe, tukaiacha.

Mnunuzi alipokuja, shemegi alitaja bei ya shilingi 260,000, kisha akamwonyesha kartoni yenye lile tone na kumweleza litokako. Mtu yule alipunguza shilingi 12,000, tukauziana kwa 248,000. Tulipotoa gharama ya matengenezo zilibaki 240,000. Thumni yangu ilikuwa 30,000, mwanangu alipata 105,000, na kila binti 52,500. Ni mara tatu ya kile tulichokuwa tukikaribia kukipokea.

Simtuhumu fundi wa kwanza kwa udanganyifu. Yamkini alisikia mtetemeko akaona oili, akahukumu kwa mazoea. Lakini masikio si kipimo, khasa pale anayehukumu anapokuwa pia ndiye aletaye mnunuzi.

Dada yangu, hukulazimiki kushika spana. Uliza mambo matatu: Ni silinda ipi? Oili yaanzia wapi kwa juu? Kompresheni imepimwa, na vipimo ni vipi? Kwa magari ya karibuni zaidi, kama Probox, kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Hapo mwambie fundi abadilishane koili ya silinda mbovu na ya jirani yake. Ugonjwa ukihama, koili ndiyo mbovu. Usipohama, sababu itafutwe kwingine. Na taa ya injini ikiwa yapepesa huku gari latetemeka, usiendelee na safari, kwani petroli isiyoungua huingia katika bomba la moshi na kuleta uharibifu mkubwa zaidi.

Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Atakuita karibu na boneti, akuonyeshe.