Mkasi wa Kompyuta ni Amana: Tunavyokata na Kuunga Vipindi vya Bibi Harusi



Leo hatuzungumzii singo wala udi. Tunataka kuzungumzia kitu kidogo kinachoingia kwenye sanduku la kila bibi harusi wa ukoo wetu, katikati ya kanga na chupa za mafuta mazuri: flashi yenye vipindi vya televisheni tulivyovirekodi, tukavikata matangazo, tukaviunga kwenye kompyuta ya nyumbani. Humo mna darsa za Ramadhani, mafunzo ya ndoa, usomaji wa Qur'ani, na mapishi mawili matatu ya futari.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, tumezaliwa na kulelewa Unguja, ndoa ndizo zilizotuleta kusini. Mkubwa wetu yuko Masasi, mjini, chini ya yale majabali makubwa. Mdogo yuko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwenye baridi na upepo, ambako ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Televisheni kwetu si kitu kigeni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri hadi 1994. Bibi yetu alikuwa akiahirisha hata kusuka ukili ili asipitwe na kipindi cha dini.

Kusini tumekuta jambo jingine. Saa ya darsa nzuri ndiyo saa ya mwanamke kuwa kazini. Uwanda wa juu mvua ikinyesha maji huzama chini sana, na kwa miaka mingi wanawake wa huko wameyateremkia mabondeni. Msimu wa korosho ukifika, wote wako mashambani wanaokota. Minnada ya TANECU na MAMCU ikishafanyika na pesa zikaingia, harusi zinafuatana moja baada ya nyingine, na nani atakaa mbele ya televisheni? Ndiyo tukaanza kurekodi.

Tunavyofanya

King'amuzi cha Masasi kinarekodi moja kwa moja kwenye flashi. Kabla hujanunua king'amuzi kwa ajili hiyo, uliza kwanza, kwani vipo vinavyofunga rekodi zake kwa siri, na ukiipeleka kwenye kompyuta haifunguki kabisa. Jua pia kwamba flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4. Kipindi kirefu kinaweza kutoka vipande viwili au vitatu. Umeme nao ukikatika katikati, unapata nusu mbili.

Kwenye kompyuta tunatumia Avidemux, programu ya bure. Ipo pia LosslessCut, nayo ya bure. Siri ya kazi yote iko hapa. Televisheni zetu zinaonyesha picha 25 kwa sekunde, lakini ndani ya faili si kila picha imehifadhiwa nzima. Picha kamili inakuja mara moja kila baada ya muda mfupi, na zinazoifuata huhifadhi yale yaliyobadilika tu. Ukianzisha kipande chako katikati ya hizo pungufu, picha inaanza kwa kuvunjikavunjika. Basi kwenye Avidemux, mshale wa juu na wa chini unaruka kutoka picha kamili moja hadi nyingine. Weka alama A pale tangazo linapoanza, alama B pale darsa linaporudi, kisha futa kilichomo katikati.

Wakati wa kuhifadhi, chagua kunakili picha na sauti kama zilivyo, bila kuzitengeneza upya. Darsa la saa moja linamalizika kwa dakika chache. Ukiitaka kompyuta kuukuu itengeneze upya kila picha, unaweza kuswali Adhuhuri na Alasiri bado inahangaika, na umeme ukikatika unaanza upya.

Kuunga nako kuna adabu yake. Vipande vilivyotoka kwenye rekodi moja vinaungana bila taabu, mradi uvipange kwa zamu. Vya vituo viwili tofauti mara nyingi vimetofautiana ukubwa wa picha au aina ya sauti. Hivyo usivilazimishe, viache mbalimbali na uvipe namba 01, 02, 03. Baada ya kuunga, tazama sekunde kumi kabla ya kiungo na kumi baada yake, macho yako yakiwa kwenye mdomo wa msemaji. Sauti ikichelewa nyuma ya mdomo, rudia.

Mahari ya wifi yetu

Hayo yote ni ufundi, na ufundi kila mtu anaweza kujifunza. Lililotufanya tuandike leo ni jingine.

Wifi yetu mdogo wa Newala aliposwa kabla ya msimu wa korosho. Alitaja mahari yake mwenyewe: cherehani ya miguu na fedha taslimu, si nyingi. Mwaka ule korosho za upande wa bwana harusi hazikutoa kilichotarajiwa. Huku kusini mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake, na mjomba huyu ni mtu mwema, anayempenda mpwawe na kumpenda pia kijana aliyemposa. Siku moja alimwita akamwonyesha kipande cha dakika mbili kwenye simu. Mwalimu wa dini, kwenye televisheni, anasema mke anaweza kumsamehe mumewe mahari, na mume akaichukua kwa raha bila dhambi. Kipande kikaishia hapo.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu," mjomba akasema. "Samehe, ndoa ipite."

Binti akanyamaza. Alikuja kwa mdogo wetu jioni, akauliza swali moja tu: "Wifi, hivyo ndivyo dini inavyosema?"

Darsa lile tulilikumbuka, maana lilikuwa kwenye kompyuta ya Masasi. Tulilifungua tukaona kilichotokea. Mwalimu alipofika kwenye kusamehe, matangazo yaliingia. Aliporudi alianza kwa kusema sharti: hiyo ni pale mke anapotoa kwa ridhaa ya nafsi yake, si kwa kuonewa haya, si kwa kusukumwa na walii wala mjomba, kwa sababu mahari ni mali yake yeye. Na msingi wake ni aya ya nne ya Suratun Nisaa, ambayo yenyewe imefungamanisha ruhusa hiyo na kuridhika kwa mke. Aliyekata kipande kile aliishia kwenye tangazo. Huenda hakukusudia ubaya. Huenda alidhani mwalimu amemaliza. Lakini nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa ikimlinda mwanamke.

Tuliondoa matangazo, tukaunga, tukaangalia kiungo mara tatu. Flashi ikapanda Newala na jamaa aliyekuwa akisafiri. Tulikwenda kwa mjomba baada ya swala ya Isha, tukamwamkia, tukamwambia tu kwamba darsa lile alilolipenda tunalo zima, je, angependa kulitazama? Alitazama dakika zote hamsini na kitu. Mahali pale alisema, "Rudisheni nyuma." Tukarudisha. Akasikiliza tena, kisha akamgeukia binti. "Basi sema wewe. Mimi nimeshasema vya kutosha."

Wifi yetu alisema kwamba cherehani haisamehi, kwa kuwa ndiyo atakayoifanyia kazi. Fedha atapokea nusu siku ya akdi na nusu msimu ujao, iandikwe. Hakusamehe hata shilingi, na hakuna aliyemkasirikia. Ikaandikwa hivyo, na akdi ikafungwa hivyo.

Wapi pa kusimama

Tulipokuwa madrasa tulifundishwa kusimama. Ndani ya msahafu kuna alama za kusimama, za kutosimama, na za pale ambapo ni lazima usimame. Mfano ambao kila mwalimu huutoa ni wa Suratul Maun. Aya ya nne inawaonya wanaoswali, na aya ya tano ndiyo inayoeleza ni waswalio gani: wanaoipuuza swala yao. Aliyeishia ya nne na akaenda zake amebeba maana iliyopinduka. Mtoto wa miaka tisa anachapwa jicho na mwalimu kwa kosa hilo, nasi watu wazima tunasambaza vipande vya dakika mbili kila siku bila kuuliza aya ya tano iko wapi.

Kwa hiyo tumejiwekea mipaka. Tunakata matangazo, salamu za wadhamini na ukimya wa mitambo. Ndani ya maneno ya mwalimu hatukati. Darsa likiwa refu, tunaligawa pale mada inapokwisha, na tunaandika jina la kipindi na tarehe kwenye jina la faili. Rekodi ya asili haifutwi mpaka flashi imetazamwa yote. Hatuungi maneno ya walimu wawili yakaonekana kama mazungumzo yao.

Jambo moja tunalikata bila kusita, nalo ni sitara ya mtu. Rekodi ya harusi ikiwa na chumba cha wanawake, vichwa wazi na hina mpaka begani, hiyo haiingii kwenye flashi inayozunguka. Yanayohusu unyago na mafunzo ya somo kwa mwari hayarekodiwi kabisa.

Na vipindi hivi vina wenyewe. Bara kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, na Zanzibar ina yake na COSOZA. Tunarekodi kwa ajili ya nyumba zetu. Hatuuzi na hatupandishi mtandaoni.

Wewe bibi harusi, ukiletewa kipande kifupi kinachokuamuru uache haki yako, au kinachokupa haki inayokufurahisha mno, uliza kwa upole: "Kizima kiko wapi?" Ulizia hivyo kwa mume, kwa wifi, kwa somo wako, hata kwetu sisi. Kama hakuna aliye nacho, nenda kwa mwalimu unayemwamini ukamsikie kwa masikio yako kabla hujakubali wala kukataa.

Allah atujaalie kuwa waaminifu katika tunayoyasikia na tunayoyafikisha, awape mabibi harusi wetu ndoa za kheri na baraka, na awahifadhi waume na watoto wetu. Aamin.